Jiwe Lenye Neno na Jiwe Lililo Kimya

Kila mkulima wa Bonde la Ufa ajua thamani ya jiwe la mpaka. Likisogezwa hatua mbili usiku, asubuhi majirani wamo njiani kwenda kwa chifu. Lakini mahali palipotengwa kwa ajili ya wafu au ibada huwekewa mpaka gani, ili hata mgeni ajaye baada ya karne nyingi autambue?

Karibu na Nakuru, kando ya barabara kuu iendayo Nairobi, kipo kilima cha mawe kiitwacho Hyrax Hill, yaani kilima cha pimbi. Mwaka 1937 Bibi Mary Leakey alianza kuchimba hapo, akakuta mashimo yaliyokuwa mazizi ya watu wa zama za chuma, ambao wengi huwaita Wasirikwa. Chini ya makao hayo yakaonekana makaburi ya watu wa kale zaidi, wasiojua chuma. Maiti walilazwa wamekunjwa, na wanawake, wala si wanaume, walizikwa pamoja na sahani za mawe. Waliozika walizika kwa heshima; waliokuja baadaye wakafuga ng'ombe juu yao. Yamkini hawakujua. Mawe yalikuwapo, ila hayakuwa na neno.

Wayunani wa kale waliyapa mawe yao neno. Mpakani mwa kiwanja cha hekalu walisimamisha jiwe lililochongwa neno horos, maana yake mpaka, na pengine jina la mungu mwenye mahali, kama yale ya Athena yaliyopatikana katika kisiwa cha Aegina. Ni karani asiyelala wala kula rushwa.

Hata hivyo, karani huyo naye aweza kung'olewa. Mwaka 352 kabla ya Kristo watu wa Athens walikuwa na shauri juu ya shamba takatifu la Demeter, mungu wa nafaka, karibu na mpaka wa Megara. Sehemu yake ilikuwa imelimwa, na mawe mengine hayakuwa mahali pake. Wakaandika vibati viwili: kimoja chasema shamba likodishwe, cha pili liachwe. Wakavizungushia sufu, wakavitikisa, wakatia kimoja katika mtungi wa dhahabu na kingine katika mtungi wa fedha, pasipo mtu kujua kipi ki wapi. Kisha wakatuma wajumbe Delphi kumwuliza mungu wa huko, dhahabu au fedha? Jibu likawa kwamba ardhi isilimwe. Wenye njaa ya shamba bila shaka walinung'unika.

Hyrax Hill sasa yalindwa na sheria ya makumbusho ya mwaka 2006, nao Nakuru, uliopewa hadhi ya jiji mwaka 2021, wazidi kuisogelea. Apandaye kilimani aweza kuona vishimo vya bao vilivyochongwa mwambani. Hivyo kila mtu huvitambua bila kusomewa.