Blanketi ya kapo ikining'inia, itoe leo

Mvua ikishakatika na muhindi ukishavunwa, mutuka ya koperative hailali. Asubuhi inabeba magunia, mchana nyanya na shu, jioni inarudi na mbolea na wamama waliotoka soko. Mutuka nyingi za namna hiyo mu Annexe, kuanzia Kasapa mpaka Luwowoshi na Kalebuka, ni za zamani. Zilianza kazi Japani, zikashushwa bandarini Dar es Salaam, zikapita Zambia na kuingia kwetu kwa Kasumbalesa, usukani ungali upande wa kuume. Tunaangaliaka mipira, breki na mafuta ya moteri. Upande wa ndani wa kapo hatuuangalii.

Fungua kapo, sasa inua macho. Kwenye mutuka nyingi utaona kitu cheusi kama blanketi nzito, kimeshikwa na vibanio vidogo vya plastiki. Ndani yake mara nyingi ni nyuzi za kioo zilizogandishwa pamoja, au sponji ya kiwandani, na juu yake kitambaa. Kazi yake ni mbili: kupunguza kelele ya moteri na kuzuia joto lisiunguze rangi ya kapo. Mutuka haitembei kwa nguvu ya blanketi hiyo. Pick-up nyingi za kazi zilitoka kiwandani bila hiyo, na zinatembea vizuri mpaka leo.

Basi kwa nini tuandike habari yake? Kwa sababu blanketi iliyochakaa ni hatari kuliko kapo tupu. Na ile tunayotengenezaka wenyewe kwa sponji ya godoro au gunia, hiyo ni mbaya zaidi.

Miaka ikipita, joto linakausha gundi na plastiki. Vibanio vinavunjika kimoja kimoja. Vumbi la barabara zetu za kiangazi linaingia, linashikana na mvuke wa mafuta, na blanketi inakuwa nzito. Kona moja inaachia, kisha ya pili. Siku moja barabara iko mbaya, gari linaruka, na kipande kinaanguka juu ya bomba la moshi pale linapotoka kwenye moteri. Moteri ikivuta mzigo mupandani, bomba hilo linaweza kupita digrii 400. Kipande kingine kinaweza kukamatwa na feni au mukanda, ao nyuzi zake zikavutwa mpaka kwenye filtri ya hewa.

Tena kuna panya. Mutuka ya koperative inalalaka karibu na depo, na punje za muhindi zinabaki kila fasi. Moteri iko na joto usiku, blanketi iko laini: panya hatafuti nyumba nyingine. Anachana nyuzi, anajenga, anaongeza majani makavu na vipande vya gunia, kisha anatafuna waya. Majani makavu, waya uliochubuka na mafuta yaliyovuja, vyote fasi moja. Ukiona mavi ya panya juu ya batri au harufu ya mkojo wake ikitoka kwenye hewa ya kabini, usingoje siku ya garaji. Fungua kapo kabla ya kuwasha.

Gunia letu la muhindi limefumwa kwa plastiki inayoyeyuka kwenye digrii 160 hivi. Chini ya kapo hilo halina maisha marefu. Sponji ya godoro inashika moto haraka, inadondosha matone yanayowaka, na moshi wake ni sumu. Kartoni na blanketi za nyumbani tusiziongelee. Mutu anaweka kwa nia nzuri, anataka kelele ipungue, lakini ameweka kuni juu ya jiko.

Kutoa ya zamani si kazi ya saa nyingi. Moteri ipoe kabisa, afazali kazi ifanywe asubuhi kabla ya safari. Tegemeza kapo kwa muti mgumu, usiamini ile fimbo yake iliyokunjika. Fungua waya wa batri wa upande wa kutoa. Funga kitambaa puani, vaa glavu na mikono mirefu, maana nyuzi za kioo zinawasha ngozi na kifua. Nyunyiza maji kidogo kwenye blanketi ili vumbi lisiruke. Kama mutuka ni ya zamani sana, kabla ya miaka ya 1990, zidisha uangalifu: baadhi ya blanketi za wakati ule zilikuwa na amianti, ile ile ya mabati ya zamani ya nyumba, na vumbi lake linaharibu mapafu. Hiyo usiichane, usiipige, usiipeperushe. Ilowe, ifungwe mu mfuko, na watoto wakae mbali. Wala usiichome shambani.

Ingiza turnevisi bapa chini ya kichwa cha kila kibanio, inua polepole. Vingi vitavunjika, usihuzunike. Kama blanketi si ile ya kuogopewa, ilaze juu ya kartoni na uchore umbo lake pamoja na matundu, kabla hujaitupa. Kartoni hiyo ni mali: ndiyo kipimo cha ile mpya.

Sasa angalia moteri. Kama blanketi ilikuwa imelowa mafuta, yalitoka fasi fulani, mara nyingi kwenye jwenti ya kifuniko cha juu ya moteri ao kwenye mpira wa mazuti uliopasuka. Fedha ya kwanza iende huko. Kuweka blanketi mpya juu ya moteri inayovuja ni kuipa mafuta ya kunywa.

Wamoja watauliza: sasa tukae bila? Kama fedha hakuna, ndiyo, kaeni bila. Kelele itaongezeka, na rangi ya kapo inaweza kupauka. Muhindi utafika sokoni. Lakini hapa tutenganishe mutuka. Kwenye Hiace za zamani moteri iko chini ya viti vya mbele, na kwenye Canter iko chini ya kabini. Kinga ya joto ya hapo inawalinda dereva na yule anayekaa karibu naye, na kifuniko chake kikikaa vibaya hata moshi unaweza kuingia ndani. Hizo zisibaki tupu. Zikitolewa, zirudishiwe kinga nzuri siku hiyo hiyo, na mpira wa pembeni wa kifuniko uangaliwe pia.

Kama fedha iko, njia ni mbili. Ya kwanza ni blanketi ya mutuka ya aina ile ile iliyokufa, kwa wauza pyesi. Ikubali kama ni kavu, haina harufu ya mafuta, na haibomoki ukiikunja kidogo. Ya pili ni mukeka mpya wa nyuzi za kioo wenye karatasi ya aluminiamu upande mmoja, uliotengenezwa kwa ajili ya moteri. Usinunue kwa macho. Omba kipande kidogo, kishike kwa koleo, nje, mbali na magari, ukiwashie kiberiti. Kikidondoka au kikiendelea kuwaka ukiondoa kiberiti, mrudishie mwenyewe.

Pima unene kabla ya kukata. Kamata vipande vya bukari baridi, weka juu ya filtri ya hewa na fasi nyingine zilizoinuka, funika na karatasi ya plastiki, shusha kapo polepole, kisha fungua. Bukari iliyobaki ndiyo nafasi uliyo nayo. Kama imebonyea sentimita 1, usiweke mukeka wa sentimita 2, kapo haitafunga vizuri na inaweza kufunguka njiani.

Osha bati kwa maji ya moto na sabuni, likauke kabisa. Usioshe kwa esansi. Kata kwa kipimo cha kartoni, aluminiamu iangalie moteri. Acha wazi kufuli, bawaba na matundu ya pembeni yanayotoa maji, la sivyo mvua za mwezi wa kumi na mbili zitakula bati kwa kutu. Juu ya batri usiweke aluminiamu: inapitisha umeme, na ikigusa vichwa vya batri utaona cheche. Gundi iwe ile ya kuvumilia joto, na bado tia vibanio, kwa maana gundi peke yake huachia.

Na kama siku moja moshi unatoka chini ya kapo mukiwa njiani? Simama, zima moteri, watu wote washuke na waende mbali. Usifungue kapo wazi, hewa ikiingia moto unaruka. Kama kizima-moto cha unga kipo, pulizia kwenye upenyo mdogo. Maji juu ya mafuta yanayowaka yanautawanya moto. Kizima-moto kikae karibu na kiti cha dereva, siyo chini ya magunia.

Blanketi mpya ikishakaa, washeni moteri dakika kumi na kapo imefungwa, halafu munuse. Harufu kidogo ya gundi siku ya kwanza ni kawaida, moshi si kawaida. Baada ya safari ya kwanza ya sokoni, moteri ikipoa, fungueni tena mushike pembe zote nne. Iliyoachia ishikizwe kabla ya kupakia gunia la kwanza la kesho.