Siasa zimechacha, nauli imepanda, lakini bibi wa Kenya bado anawasubiri wajukuu

KWA abiria anayetoka Chalinze kwenda Segera, Kabuku ni mahali pa kununua machungwa kupitia dirisha la basi na kuendelea na safari. Kwa wanaoishi hapo, barabara hiyo hiyo ndiyo inayowafikisha kwa ndugu zao: Dar es Salaam upande mmoja, Moshi na Arusha upande mwingine na, ukikata kulia pale Segera, Tanga, Horohoro hadi Kenya.

Chukua mfano wa mama aliyezaliwa Msambweni, Kaunti ya Kwale, akaolewa Kabuku. Ana watoto watatu. Wa kwanza yuko darasa la tano, wa mwisho ana miaka mitatu. Mama yake mzazi bado yu hai huko Msambweni, lakini hakuna hata mjukuu mmoja wa Kabuku aliyewahi kukaa naye mkeka mmoja. Wanamjua kwa sauti ya simu tu.

Safari ilipangwa likizo ya Juni 2024, ikaahirishwa kwa sababu Kenya kulikuwa na maandamano. Ikapangwa tena Desemba 2025, ikaahirishwa kwa sababu safari hii nyumbani ndiko hakukuwa na utulivu. Katikati ya hapo, kila pesa ilipopatikana, nauli na bei ya vitu vilikuwa vimeshasogea mbele.

Familia za namna hii si chache ukanda wa Tanga. Wadigo na Wasegeju wana vijiji pande zote mbili za mpaka, na ndoa zao hazikuwahi kuuliza mpaka uko wapi. Swali linalosumbua wazazi wengi ni moja: je, ni busara kuwapeleka watoto Kenya wakati huu?

Jibu ni ndiyo, kwa anayekwenda kwa ndugu, akichagua wakati wake vizuri na kuandaa pesa na karatasi mapema. Kinachopaswa kupimwa si hatari ya kwenda tu. Hata kutokwenda kuna hasara yake.

Hofu ina sababu

Mzazi anayesita hana woga wa bure. Juni 25, 2024 waandamanaji vijana waliingia katika majengo ya Bunge mjini Nairobi wakipinga muswada wa fedha, na watu walipoteza maisha. Mwaka uliofuata, Juni 25 na Julai 7, maandamano yalirudi na watu wakafa tena.

Upande wa Tanzania, uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 uliandamana na vurugu na vifo, amri ya kutotoka nje usiku jijini Dar es Salaam na kuzimwa kwa intaneti kwa siku kadhaa. Sherehe za Uhuru za Desemba 9 mwaka huo zikafutwa na wananchi wakatakiwa kubaki majumbani.

Kati ya nchi hizi mbili nako kulikuwa na msuguano. Mei 2025 wanaharakati na wanasiasa kutoka Kenya walirudishwa kwao walipokuja Dar es Salaam kufuatilia kesi. Julai ikatoka amri iliyowazuia wasio raia kufanya biashara 15 nchini, ikiwemo kununua mazao shambani, jambo linalowagusa moja kwa moja wakulima wa machungwa wa Mkoa wa Tanga, ambao kwa miaka mingi wamewauzia wanunuzi kutoka Kenya.

Mivutano huja na kupita

Lakini wazee wa Kabuku wanakumbuka makubwa kuliko hayo. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ikiwa inavunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa. Ulifunguliwa tena Novemba 1983. Mtoto aliyekuwa na miaka mitano siku unafungwa alikuwa anakaribia miaka 12 siku unafunguliwa. Ndugu waliokuwa wakisalimiana kila mwaka walipotezana kwa miaka zaidi ya sita, na wapo waliozikwa bila ndugu wa upande wa pili kuwaaga.

Tangu Jumuiya ya sasa ianze kazi mwaka 2000, ugomvi haujakosekana. Mwaka 2017 Tanzania ilipiga mnada ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji kutoka Kenya, na vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka huko vikachomwa moto Namanga. Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa madai ya sumukuvu. Siku chache baadaye ikalegeza masharti, na Mei mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Nairobi kwa ziara ya kiserikali.

Serikali hugombana na kupatana, na zina muda wa kufanya hivyo. Bibi wa miaka 80 hana muda huo, wala mtoto wa darasa la tano hatakaa darasa la tano. Familia inayosubiri siku ambayo nchi zote mbili zitakuwa shwari, mafuta yameshuka bei na pesa ipo ya kutosha, inaweza kusubiri hadi simu iwe ya msiba. Na kwa msiba nauli hupatikana, hata kwa kukopa.

Simu haifiki kila mahali

Wazazi wengi hujifariji kwamba siku hizi kuna simu ya picha. Inasaidia, lakini Oktoba 2025 ilionyesha kwamba nayo huzimwa. Hata ikiwepo, mtoto husema "shikamoo bibi" na bibi akaitikia "marahaba", kisha mazungumzo yanaishia hapo kwa sababu hawana walichofanya pamoja.

Akifika Msambweni, mtoto atakula mahamri na mbaazi asubuhi, atakwenda baharini na watoto wa mjomba, na ataonyeshwa kaburi la babu yake. Atagundua kuwa Kiswahili ni kimoja lakini kina mambo. Daladala huko ni matatu, bajaji ni tuktuk. Wakenya wengi wakisema "bibi" wana maana ya mke, na bibi mwenyewe humwita "nyanya", neno ambalo kwa mtoto wa Kabuku ni kiungo cha mchuzi. Mtoto aliyecheka na binamu zake kwa jambo kama hilo hatawasahau.

Kukiwa na nafasi ya siku moja zaidi, Mombasa haiko mbali. Kivuko cha Likoni hakimtozi nauli mtu anayevuka kwa miguu, na ng'ambo yake kuna Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2011. Ni somo la historia ambalo mtoto hulisoma darasani kwa maneno matupu.

Desemba kuliko Juni

Kalenda ya shule inaweza kuamua mengi. Juni watoto wa Tanzania wako likizo, lakini wenzao wa Kenya wako darasani katikati ya muhula wa pili. Mgeni atawakuta binamu jioni tu, wamechoka. Tena miaka ya karibuni Juni na Julai ndiyo imekuwa miezi ya maandamano Kenya. Desemba watoto wa pande zote wako nyumbani.

Ubaya wa Desemba ni mabasi. Wiki ya kuelekea Krismasi, mabasi yanayopita Kabuku kwenda kaskazini hujaa tangu Dar es Salaam, na kupata viti vitano vya pamoja njiani ni bahati. Anayeweza asafiri katikati ya mwezi, kabla ya wimbi hilo, na akate tiketi mapema hata kama ni kwa simu. Na asafiri mchana, ili avuke Horohoro jua lingalipo.

Kuna tarehe nyingine ya kuandika kwenye kalenda: Agosti 10, 2027, siku ya uchaguzi mkuu wa Kenya. Miezi ya karibu na siku hiyo si ya kupeleka watoto. Asiyekwenda mapema huenda akalazimika kusubiri hadi mwaka upite.

Pesa ikae mezani kabla ya safari

Kinachowashangaza wengi ni kwamba gharama huweza kupanda hata kama bei za Kenya hazijasogea. Januari 2024 shilingi moja ya Kenya ilipatikana kwa takriban shilingi 16 za Tanzania. Kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa takriban 20. Maana yake matumizi ya shilingi 10,000 za Kenya yalipanda kutoka 160,000 hadi 200,000 za hapa, kwa familia ile ile na chakula kile kile. Kwa hiyo bajeti ipigwe kwa bei ya pesa ya wiki ya safari, si ya mwaka jana, na pesa ibadilishwe benki au duka la fedha lenye leseni, si kwa vijana wanaozunguka na mabunda mpakani.

Nauli hufuata mafuta, na bei za mafuta zina siku zake: EWURA hutangaza Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na EPRA ya Kenya hutangaza tarehe 14. Mzazi anayefuatilia matangazo hayo hatashtukizwa sana.

Njia ya kupunguza gharama ni kupunguza siku, si kufuta safari. Siku tano kwa bibi, bila hoteli, zinatosha. Familia isiyoweza kwenda yote inaweza kumpeleka mtoto mkubwa mwaka huu na wadogo mwaka ujao. Ndugu wa Msambweni wajulishwe mapema ili ujio wa watu watano usiwe mzigo wa ghafla, na mgeni asiende mikono mitupu: kanga mbili na mchele wa kilo chache vitapokelewa kwa furaha.

Kuku wa zawadi, hata hivyo, abaki Kabuku. Mifugo hai haivuki bila kibali cha mifugo, na vifaranga vya Namanga ni ushahidi. Matunda na nafaka nazo hukaguliwa, hivyo ni vyema kuulizia kabla ya kufunga kikapu. Kikapu, kwa sababu mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019.

Karatasi za watoto

Mtanzania hahitaji viza kuingia Kenya, na kibali cha mtandaoni ambacho Kenya ilianza kuwadai wageni Januari 2024 hakiwahusu raia wa Afrika Mashariki. Lakini kitambulisho cha NIDA pekee hakitoshi. Mpango wa kuvuka kwa kitambulisho ni wa Kenya, Uganda na Rwanda.

Kinachotakiwa ni pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria kutoka Uhamiaji. Pasipoti ni shilingi 150,000 kwa mtu mmoja, na kwa familia ya watu watano hiyo ni gharama kubwa kuliko nauli. Hati ya dharura ni nafuu zaidi. Kwa vyovyote mtoto atahitaji cheti cha kuzaliwa cha RITA, na mzazi ambaye hajakichukua aanzie hapo, miezi kadhaa kabla. Mama anayesafiri na watoto bila baba yao, au baba bila mama, abebe barua ya ridhaa ya mwenzake.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano nayo huulizwa mpakani. Chanjo hiyo hutolewa kuanzia miezi tisa, huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, na tangu 2016 kadi yake haiishi muda. Anayechanja leo hatachanja tena.

Wakati wa kurudi nyuma

Zipo siku ambazo kuahirisha ndiyo busara. Maandamano yakitangazwa Mombasa au Tanga, amri ya kutotoka nje ikitolewa, au ndugu wa huko wakisema barabara si nzuri, safari isogezwe wiki mbili. Isogezwe, isifutwe. Ndugu aliye Msambweni anaijua hali ya barabara ya Lungalunga kuliko video inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp.

Wakiwa safarini, wakubwa wajiepushe na mikusanyiko, wasipige picha maofisa wa mpakani, na mabishano ya siasa za nchi ya watu wayaache. Mombasa kuna ubalozi mdogo wa Tanzania. Namba yake iandikwe kwenye karatasi, maana simu huisha chaji.

Yule mtoto wa darasa la tano wa Kabuku apewe daftari moja jipya la safari. Kazi yake iwe kukaa na bibi jioni na kuandika majina ya ukoo: nani alizaa nani, nani alihamia Tanga, nani alibaki Msambweni. Mama yake anayajua machache. Mengine anayajua bibi peke yake.