Baraka ya Wazee na Nafsi ya Mtoto

Kila Ijumaa jioni, sabato inapoingia, katika nyumba nyingi za Wayahudi mzazi huweka mikono juu ya kichwa cha mwanawe na kumwombea baraka. Wa kiume huombewa awe kama Efraimu na Manase, wana wa Yusufu. Wa kike awe kama Sara, Rebeka, Raheli na Lea.

Hapo huzuka swali zito. Ikiwa mtoto huombewa afanane na waliomtangulia, yeye mwenyewe ni nani?

Swali la nafsi lilitafakariwa sana na wanazuoni wa Kabbalah, yaani elimu ya siri ya Kiyahudi, mjini Safed, Galilaya. Mwaka 1492 Wayahudi walifukuzwa Hispania, na baadhi ya jamaa zao wakafika huko. Walikuwa wameacha nyuma majumba na makaburi ya wazee wao. Dua na mafundisho ndiyo mali waliyoweza kuibeba.

Mwaka 1570 aliwasili Isaac Luria, mzaliwa wa Yerusalemu aliyekulia Misri. Alifundisha kwa muda wa miaka miwili tu, kisha akafa kwa tauni mwaka 1572. Mwanafunzi wake, Hayyim Vital, ndiye aliyeandika mengi ya mafundisho hayo. Luria alieleza kwamba roho zote zilikuwamo katika roho ya Adamu, na kila moja ina mzizi wake. Kwa hiyo kila mtu ana sehemu yake ya kutengeneza katika ulimwengu ulioharibika, wala mwingine hawezi kumfanyia.

Baadaye Rabi Zusya wa Hanipol, aliyefariki mwaka 1800, alikuja kukumbukwa kwa hofu moja: hakuogopa kuulizwa mbinguni mbona hakuwa Musa, aliogopa kuulizwa mbona hakuwa Zusya.

Tena, baraka yenyewe ina mfano huo. Katika kitabu cha Mwanzo, mzee Yakobo alipindanisha mikono, akauweka wa kuume juu ya Efraimu aliye mdogo, ijapokuwa Yusufu alipinga. Kisha akawabariki wanawe 12, kila mmoja kwa maneno yake: Yuda akafananishwa na simba, Naftali na ayala.

Mzazi ambariki mwanawe kwa majina ya wazee, naye humpa mzizi. Tawi litaelekea wapi, hiyo ni amana ya mtoto mwenyewe.