Utulivu wa Moyo Machimboni

Leo nataka kuwaelezeni habari ya kutuliza moyo kazini, na mfano wangu nautoa katika machimbo ya dhahabu ya Geita na Kahama, kwa kuwa huko asiyejituliza aweza kupotewa na zaidi ya kazi yake.

Tuanze juu ya ardhi. Penye mdomo wa duara, ugomvi mwingi huzuka wakati wa mgao. Mifuko ya mawe imehesabiwa, mwenye duara amechukua fungu lake, na wachimbaji wagawana yaliyosalia. Mmoja aona amepunjwa. Pengine ni kweli. Lakini zamu yake imefika, naye ashuka na hasira kifuani. Hapo ndipo penye hatari, kwa maana mwenye hasira hutazama jambo moja tu, lile lililomkasirisha. Timba lililopasuka hulipita asilione, na udongo unaodondoka kidogo kidogo hausikii.

Sababu yake imo mwilini. Mtu akiogopa au akikasirika, moyo humwenda mbio na pumzi huwa fupi, mwili ukijiweka tayari kupigana au kukimbia. Hayo yafaa mbele ya fisi, wala hayafai penye kazi ya kupima na kuchagua. Dawa yake ni nyepesi hata watu huidharau: vuta pumzi polepole kwa pua, kisha uitoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, mara kadhaa. Moyo hupunguza mwendo. Ndipo umwendee msimamizi na neno lako, lile moja la leo, si manung'uniko ya mwaka mzima. Ukiona mikono bado yatetemeka, mwombe mwenzako ashike zamu yako.

Sasa tushuke. Mwezi wa Oktoba 2015, huko Nyangalata katika wilaya ya Kahama, machimbo yaliporomoka, na watu sita wakafungiwa chini gizani. Walikula mende na vyura na magome ya miti, wakanywa maji machafu waliyoyapata humo. Mmoja wao alikufa. Watano walitolewa wakiwa hai tarehe 15 Novemba, baada ya siku 41. Mwaka 2017, mwezi wa Januari, watu 15 walifungiwa vivyo hivyo katika mgodi wa Nyarugusu, Geita. Hao walipata bahati ya kufikiwa upesi: wakaandika karatasi kuomba chakula, na baada ya siku tatu wakatolewa wote.

Tena katika nchi ya Chile, mwaka 2010, watu 33 walikaa chini siku 69. Kwa siku 17 za kwanza watu wa juu hawakujua kama wangali hai. Akiba yao ilikuwa haba, wakakubaliana kula vijiko viwili vya samaki wa kopo kila baada ya saa 48. Msimamizi wao, Luis Urzúa, aliwapangia zamu za kazi kana kwamba mgodi ungali mzima, naye akawa wa mwisho kutoka. Nadhani zamu hizo ziliwafaa kama chakula chenyewe, kwa kuwa mwenye kazi ya kufanya hana nafasi ya kusikiliza hofu yake mchana kutwa.

Lakini msinielewe vibaya. Pumzi ndefu haiwezi kuushikilia mwamba. Wako wenye maduara ambao huhubiri subira kwa sababu matimba ni ghali. Mchimbaji akisema kwa sauti ya kadiri, "Leo sishuki, timba la tatu limeoza," huyo hana fujo wala woga. Mwenye duara na achukue taa, ashuke naye, akalitazame timba hilo kwa macho yake kabla ya mtu mwingine kuitwa.