Kutu ya wembe wa zamani haitaki grenda

Mkulima wa Simiyu hahitaji kuelezwa kutu ni nini. Msimu ukiisha, plau inafutwa udongo, inapakwa oili chafu na kuwekwa mahali pakavu kungoja mvua nyingine. Asiyefanya hivyo hujuta siku ya kwanza ya kulima, ng'ombe wanapovuta na udongo kugandia kwenye bapa. Kuanzia Busega hadi Meatu jambo hilo linajulikana. Lakini kipo chuma kingine ambacho hata watu makini wanakiharibu kwa dakika moja: wembe wa kukunja wa vinyozi wa zamani, unaokutwa umejaa kutu katika sanduku la marehemu babu.

Unapelekwa kwa fundi wa kuchomelea mageti. Fundi anawasha grenda, cheche zinaruka, na wembe unarudi ukimeremeta. Mwenyewe anafurahi. Hajui kwamba wembe umekufa.

Chuma cha wembe huo kina kaboni ya karibu asilimia 1. Aliyeutengeneza aliupasha moto ukaiva, akautia maji ghafla ukawa mgumu, kisha akaupasha tena kwa moto mdogo ili usivunjike ovyo. Ugumu huo ndio unaoshika makali, na joto ndilo linaloufukuza. Makali ni membamba mno, hivyo grenda huyachoma kwa sekunde chache tu. Ukiona doa la buluu ukingoni, ujue chuma kimefika karibu nyuzi 300 za Selsiasi. Hapo hata ukinoa mwezi mzima, makali hayatakaa.

Kabla ya kugusa kutu, soma chapa iliyogongwa kwenye shina, karibu na ribiti ya mpini. Nyingi zinataja Sheffield ya Uingereza au Solingen ya Ujerumani. Sheffield ilipata jina baada ya Benjamin Huntsman kubuni, katika miaka ya 1740, njia ya kuyeyusha chuma cha pua ndani ya vyungu. Chuma kisichoshika kutu kilikuja baadaye sana. Harry Brearley alikipata katika mji huohuo mwaka 1913. Wembe wa kabla ya hapo hauna kinga yoyote dhidi ya unyevu. Nasi tusijione wageni wa elimu hii. Wahunzi wa Kirongo wa upande wa Geita waliyeyusha chuma na kufua majembe yaliyouzwa Usukuma kabla ya ukoloni, na makumbusho ya Bujora, pale Kisesa, yanatunza kumbukumbu za uhunzi wa Kisukuma.

Sasa kazi yenyewe. Peleka wembe kwenye mwanga wa jua na uutazame pande zote mbili. Kutu nyekundu ya unga iko juujuu, inatoka. Rangi nyeusi iliyotulia, isiyochafua kidole, haina haja ya kuondolewa; mimi huiacha, maana ni uzee wa halali wa chuma. Tatizo ni vishimo. Vikiwa katikati ya bapa, ni makovu tu. Vikifika ukingoni, kila kishimo kitakuwa pengo kwenye makali, na wembe huo usipite tena usoni mwa mtu.

Paka mafuta ya cherehani, uache usiku kucha. Asubuhi laza bapa juu ya kipande cha mbao, mgongo ukiwa upande wako na makali yakielekea mbali nawe. Sugua kwa nyuzi laini za chuma zilizolowa mafuta, ukitoka mgongoni kwenda kwenye makali, usirudishe mkono nyuma. Mafuta yatageuka uji wa kahawia. Futa, ongeza mengine, endelea. Panapogoma, tumia msasa wa maji namba 600, kisha 1000, kisha 2000, kwa kidole na si kwa gongo la mbao. Usiule mgongo. Wakati wa kunoa, mgongo na makali hulala pamoja juu ya kinoo, na unene wa mgongo ndio unaoamua pembe ya makali. Ukiupunguza upande mmoja, umevuruga hesabu ya mtengenezaji. Ni kazi ya jioni kadhaa. Ni sawa.

Wapo wanaotumia ndimu au ukwaju, na ukwaju hapa kwetu si wa kutafuta. Asidi yake kweli inakula kutu, ila ikimaliza inaendelea na chuma kizima, na ukingo ndio unaotangulia kuliwa. Kwa jembe, sawa. Kwa wembe, sikushauri. Wengine hutumia umeme wa betri ndani ya maji ya magadi. Njia hiyo inafanya kazi, lakini magadi ya ziwani mara nyingi yana chumvi ndani yake, na chumvi ikibaki kwenye vishimo huanzisha kutu upya.

Baada ya kusafisha, kausha hadi ndani ya ribiti, upake mafuta. Hapa watu wa mkoa wa pamba tunakosea kirahisi: mafuta ya pamba na ya alizeti, yakikaa hewani, huganda na kunata. Mafuta ya cherehani au mafuta ya mgando ni bora. Oili chafu iachie plau. Ina masizi na asidi, tena si ya ngozi ya binadamu.

Tazama na mpini. Ule wa seluloidi, plastiki ya zamani, ukichakaa hutoa mvuke wa asidi unaokula bapa lililokunjwa ndani yake, hata sandukuni kukiwa kukavu. Utenganishe na bapa haraka. Mpini wa pembe ya ng'ombe hauna shida. Ukishuku kuwa ni wa pembe ya ndovu, usiuuze wala usisafiri nao kabla ya kuwauliza maofisa wa wanyamapori, kwa sababu kumiliki nyara bila kibali ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2009.

Wembe ukishanolewa na kupitishwa kwenye mkanda wa ngozi, uwe wa uso wa mtu mmoja. Usiupeleke saluni, usimwazime ndugu. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na kuufuta wembe kwa kitambaa hakuviui.