Je, Wajua? Siki, Tone la Damu na Wasichana wa Kitui

Je, wajua kwamba Kenya ilikuwa nchi ya kwanza kutoa chanjo ya HPV kwa msaada wa Gavi, muungano wa kimataifa wa chanjo, na kwamba kazi hiyo ilianzia Kitui? Ilikuwa mwaka 2013. Wasichana wa darasa la nne walidungwa sindano ya kuwakinga na virusi vinavyoambukizwa kwa ngono, ambavyo vikikaa mwilini miaka mingi ndivyo chanzo cha takriban saratani zote za mlango wa kizazi. Wakati huo kila msichana alihitaji dozi tatu. Oktoba 2019 chanjo ikaanza kutolewa nchi nzima kwa dozi mbili. Halafu utafiti uliofanyika Thika, Nairobi na Kisumu, kwa wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20, ukaonyesha kwamba hata dozi moja inakinga kwa zaidi ya asilimia 97 dhidi ya aina mbili za HPV zilizo hatari kuliko zote. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaridhia dozi moja. Kwa mzazi wa Mutomo au Kyuso, huko Kitui, ambaye safari ya kituo cha afya humla nauli na siku nzima ya kazi, hiyo ni nafuu kubwa.

Na mama za wasichana hao, ambao umri wa chanjo uliwapita? Kuna siki. Muuguzi huchovya pamba katika asidi iliyo kwenye siki ya jikoni, iliyochanganywa kwa kipimo, akaipaka kwenye mlango wa kizazi, akasubiri kama dakika moja huku taa ikimulika. Sehemu yenye chembechembe zilizoanza kuharibika hugeuka nyeupe, naye huiona kwa macho matupu. Mara nyingi huweza kuichoma kwa joto siku hiyo hiyo, kabla haijawa saratani. Hili ni la kituoni tu. Mtu asijipake siki nyumbani.

Je, wajua kwamba mwanamke mwenye klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa, kwa kawaida hahisi chochote? Hapo ndipo penye shida. Dispensari nyingi hazina maabara ya kuitambua, kwa hiyo hutibu kwa dalili. Mwanamume anayetokwa na usaha hupewa dawa ya kisonono na ya klamidia kwa pamoja, na kwake njia hiyo hufaa. Kwa mwanamke hukosea huku na huku: asiye na dalili hurudi nyumbani na ugonjwa, na mwenye uchafu ukeni huenda ana fangasi tu. Fangasi hao wanaweza kumshika hata mwanamke ambaye hajawahi kufanya ngono, hasa akitoka kumeza antibiotiki au akiwa mjamzito. Inaniuma kufikiri ni wake wangapi wameitwa wazinzi kwa sababu ya mwasho ambao dawa ya kuingiza ukeni ingeumaliza kwa siku chache.

Kisonono kimekuwa kigumu. Ukisimama Emali, Makindu au Mtito Andei, ambako malori ya barabara ya Mombasa hupumzika, kemisti haziko mbali, na vidonge vya siprofloksasini vinajulikana. Lakini bakteria wa kisonono wamevizoea vidonge hivyo kiasi kwamba havitegemewi tena kukitibu. Tegemeo sasa ni sindano ya seftriaksoni. Anayemeza siprofloksasini anaweza kuona usaha unapungua akadhani amepona, kumbe anaambukiza bado. Na akitibiwa sawasawa peke yake, mwenzake asitibiwe, wataambukizana upya.

Kaswende ni kinyume chake kabisa. Penisilini ilianza kuitibu mwaka 1943, na hadi leo kimelea chake hakijapata njia ya kuishinda. Kaswende ya mapema huhitaji siku moja tu ya kudungwa: yuniti milioni 2.4, dawa nyeupe nzito ambayo mara nyingi hugawanywa makalio mawili kwa kuwa ni nyingi na inauma. Mjamzito akitibiwa mapema, mtoto tumboni hupona pamoja naye. Asipotibiwa, mimba inaweza kuharibika au mtoto akazaliwa mfu. Kliniki za wajawazito sasa zina kipimo kimoja cha Virusi vya Ukimwi na kaswende: tone la damu la kidoleni, majibu kwa dakika zisizozidi 20, na hakihitaji umeme wala friji.

Kipimo hicho kina tabia moja ambayo mama anafaa kuijua. Kinasoma kinga ambayo mwili uliitengeneza dhidi ya kaswende, na kinga hiyo hubaki damuni, mara nyingi maisha yote, hata ugonjwa ukiisha. Aliyepona miaka mitano iliyopita ataonyeshwa mistari ile ile ya mgonjwa, na mumewe akiiona bila maelezo, nyumba inaweza kuwaka moto. Basi mama aombe tarehe ya sindano iandikwe kwenye kijitabu cha Mama na Mtoto, na akitunze kijitabu hicho hata mtoto akishaanza shule, ili muuguzi wa mimba inayofuata ajue kama anahitaji dawa tena au kipimo kingine cha damu cha maabara.