Panya Akifa, Kiroboto Huhama

Tukikuta panya wamekufa ndani bila kuwekewa sumu, wengi wetu hufurahi. Katika milima ya Usambara, wilayani Lushoto, hiyo ilikuwa dalili ya kuogopwa. Kuanzia mwaka 1980 ugonjwa wa tauni ulirudi huko mara kwa mara kwa zaidi ya miaka 20. Watu zaidi ya 6,000 waliugua, na mamia walikufa.

Tauni huletwa na bakteria. Bakteria hao huishi kwa panya wa porini na viroboto wao, na wanaweza kukaa huko miaka mingi bila mtu yeyote kuugua. Taabu huja panya wanapoongezeka. Panya shamba jike huweza kuzaa watoto zaidi ya 10 kwa mzao mmoja, na mvua ikinyesha vizuri chakula hakimpungukii. Mavuno yakiingia nyumbani, naye hufuata. Nasi tunamkaribisha: mahindi tunayaweka darini, watoto tunawalaza kwenye mkeka, palepale viroboto wanaporuka.

Kiroboto aliyenyonya damu ya panya mgonjwa huweza kuzibwa koo na bakteria waliozaliana ndani yake. Damu haishuki tumboni, kwa hiyo huuma tena na tena kwa njaa, na kila akiuma hutapika bakteria kwenye kidonda. Panya akifa na mwili ukapoa, kiroboto huondoka kutafuta damu yenye joto. Asipopata panya mwingine, atakupata wewe.

Ndiyo maana sumu ya panya ikitumiwa vibaya huongeza maradhi. Ukiua panya wote wakati wa mlipuko, viroboto wao unawaacha na njaa. Anza na dawa ya viroboto: sakafuni, vitandani, kwenye mashimo ya panya. Panya wenyewe wafuate baadaye. Aliyekufa usimshike kwa mkono mtupu. (Paka naye huambukizwa, tena huleta viroboto ndani, hivyo tusimtegemee yeye peke yake.)

Homa kali ya ghafla pamoja na mtoki unaouma, kinenani au kwapani, isisubiri hadi kesho. Mgonjwa apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Dawa zipo, na zikianza mapema wengi hupona. Tauni ikifika mapafuni huambukiza kwa kikohozi, na asiyetibiwa ni nadra kupona. Waliomuuguza waende naye, nao wapewe dawa ya kinga.